Katajjaq Haichorwi na Mtu Mmoja

Habari za jioni jamani, wakubwa wangu shikamooni, na asanteni sana mliotoka kazini mkaja moja kwa moja na hii baridi ya Ottawa.

Nimeombwa niongelee hii michoro ya mkaa iliyoko ukutani nyuma yangu, na tangu watu waanze kuingia swali limekuwa lile lile, mbona hakuna sura ya mtu, mbona ni mistari tu inakimbizana. Nijibu hapo hapo mwanzoni. Hiyo mistari imetokana na sauti. Imetokana na katajjaq, uimbaji wa koo wa kina mama wa Kiinuit, watu wa asili wa kaskazini ya hii Kanada tunayoishi, na leo sitaongea sana habari za mkono wangu, nataka niongee habari za hao kina mama na jinsi wanavyoimba, mana ukichora sauti ya watu bila kuwajua wenyewe utapata pambo la ukutani tu basi.

Sasa inaimbwaje. Wanasimama watu wawili, kwa desturi ni wanawake, uso kwa uso, karibu kabisa, wameshikana mikono. Mmoja anaanza. Anatoa kasauti kafupi, tuseme pumzi inatoka na mngurumo wa kifuani, alafu pumzi inaingia kavu bila mngurumo, alafu anarudia hivyo hivyo, fupi, na ina mdundo. Mwenzake haanzi naye pamoja. Anaingia nyuma yake kidogo, kwenye ule mwanya, yaani pale wa kwanza anapoweka mkazo wa pili ndo analegeza, na wa kwanza akilegeza wa pili anaweka mkazo wake, na baada ya sekunde chache wewe uliyesimama pembeni huwezi tena kusema hii sauti ya juu ni ya nani na ule mngurumo umetoka kifua kipi. Unasikia kitu kimoja kinazunguka. Anayeongoza anaweza kubadilisha ghafla, akaleta kasauti kengine, na mwenzake inabidi adake hapo hapo bila kupotea. Wanaendelea hivyo mpaka mmoja aishiwe pumzi, au apotee, au acheke, na aliyecheka kwanza ndo ameshindwa, na mara nyingi wakishamaliza wanacheka wote. Mzunguko mmoja ni dakika moja, mbili, ukienda sana tatu.

Mliokulia kijijini mnakumbuka kutwanga kwa kupokezana, kinu kimoja michi miwili, mchi wa mama mkubwa ukipanda wa shangazi unashuka, na ukichelewa hata nukta moja michi inagongana na kila mtu uani anajua umevuruga. Ndo hivyo. Hakuna anayesikiliza mchi mmoja pale, mdundo uko kwenye kupishana, na ukimtoa mmoja yule aliyebaki bado anatwanga ndio lakini ile ngoma imeshakufa.

Nimeanzia hapo makusudi, kwa sababu watu wengi wakisikia uimbaji wa koo kichwa kinakwenda Tuva, kule Siberia ya kusini na upande wa Mongolia, ambako mtu mmoja anatoa sauti mbili kwa pamoja, mvumo chini na filimbi juu. Ule ni ufundi mkubwa na nauheshimu sana ila siyo huu. Kule ni mtu mmoja na sauti mbili, huku ni watu wawili na sauti moja, na kwa mchoraji hiyo tofauti ndo kila kitu. Ukichora mwanamke mmoja amefumba macho, kavaa manyoya, nyuma yake barafu na ile mianga ya kijani ya angani, ukaandika chini katajjaq, umechora kalenda. Mchezo wenyewe hujaugusa, kwa sababu umewekwa kati ya watu wawili na wewe umemchora mmoja.

Na ni mchezo kweli. Wanamuziki waliotoka Chuo Kikuu cha Montréal kwenda kuutafiti, Jean-Jacques Nattiez na wenzake, walisisitiza sana kwamba huu ni mchezo wa sauti, na ndani yake unaweza kuingiza karibu kitu chochote, mlio wa bata bukini, upepo, mto, kilio cha mtoto wa mbwa, msumeno unakata, silabi zisizo na maana yoyote, mpaka majina ya wazee waliokwisha kufa. Uimbaji huu umeshamiri zaidi Nunavik, yaani ile kaskazini ya mwisho ya Québec, na kisiwa cha Baffin ambacho siku hizi kiko Nunavut, lile eneo la Wainuit la kaskazini ya Kanada. Wanaume walikuwa wakienda kuwinda siku nyingi, kina mama wanabaki kambini na watoto na wazee, usiku mrefu, na mchezo unaanza. Mtoto yuko mgongoni ndani ya amauti, lile koti la mama lenye nafasi ya kumbeba mtoto nyuma chini ya kofia, kwa hiyo mtoto haisikii katajjaq kwa masikio peke yake, inampitia mwilini kutoka mgongo wa mama yake. Mimi hiyo picha ndo ilinifanya niweke penseli chini nichukue mkaa, kwa sababu penseli inatoa mstari wa jicho, na mimi nilikuwa nataka alama ya kitu kinachotetemeka mgongoni.

Alafu wakaja wamisionari. Tunaijua hii habari sisi, hatuhitaji kuhadithiwa sana, ngoma zetu ngapi ziliitwa za kishetani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kina mama wakaambiwa huku kunguruma ni kwa kipagani, waache, na sehemu nyingi wakaacha kweli au wakawa wanaimba kwa kificho. Ilibaki kwa wazee wachache, na kuanzia miaka ya 1980 vijana ndo wakaanza kurudi kwa hao bibi wakae chini wafundishwe, mdomo kwa mdomo, pumzi kwa pumzi, mana hii huwezi kuisoma kwenye karatasi. Mwaka 2001 wakafanya mkutano wao mkubwa wa waimbaji wa koo huko Puvirnituq, kwenye pwani ya Ghuba ya Hudson, na 2014 serikali ya Québec ikautangaza uimbaji huu kuwa urithi wa utamaduni usioshikika, na ndo ulikuwa wa kwanza kabisa kuingizwa kwenye orodha hiyo.

Ila ujue ingeweza kwenda vingine. Waainu wa Sakhalin, huko kati ya Urusi na Japani, walikuwa na mchezo wa jamaa moja na huu, unaitwa rekuhkara, wanawake wawili wanakaa uso kwa uso wanaunganisha viganja vyao kama bomba kati ya midomo, mmoja anapeleka sauti kwenye mdomo wa mwenzake na mdomo wa mwenzake unaigeuza. Mwimbaji wao wa mwisho alifariki miaka ya 1970. Sauti zilizorekodiwa zipo, lakini kurekodiwa siyo kukaa mbele ya bibi akushike mikono akwambie hapo umechelewa. Nikifikiria ilikuwa karibu kiasi gani katajjaq nayo iishie hivyo naumia kabisa, na ndo mana sikubali mtu anayeichukulia hii kama sauti ya ajabu ya kuwekea video yake ya drone.

Tuje kwenye kuchora, mana najua ndo mlichofuata.

Kabla hujachora chochote kinachotokana na Wainuit, nenda kaangalie kwanza wenyewe wanachorwaje na wenyewe. Hawakusubiri mtu awachoree. Kuna mji mdogo unaitwa Kinngait, kwenye ramani za zamani umeandikwa Cape Dorset, jina la Kinngait likarudishwa rasmi 2020, uko kusini magharibi mwa Baffin. Pale tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 wana studio ya kuchora na kuchapa, mkusanyo wao wa kwanza wa chapa ulitoka 1959 na wameendelea kutoa kizazi baada ya kizazi. Kenojuak Ashevak ametoka pale, yule wa bundi mwenye manyoya yanayotawanyika pande zote, alimchora 1960 na 1970 akawekwa kwenye stempu ya Kanada. Pitseolak Ashoona ametoka pale pia, mama aliyefiwa na mume akabaki na watoto, akaanza kuchora ili wale, na akaacha maelfu ya michoro, maelfu jamani, ya maisha ya kambini aliyoyaishi mwenyewe.

Na sikilizeni wanavyofanya zile chapa za jiwe. Mchoraji anachora kwenye karatasi. Mtu mwingine anauhamisha ule mchoro kwenye jiwe lililosawazishwa, anachimba sehemu zote zisizotakiwa kushika wino, anapaka wino, analaza karatasi nyembamba juu yake, anasugua kwa mkono taratibu mpaka picha ipande. Kwa kawaida zinatoka nakala 50 na basi. Na kwenye kumbukumbu za kazi hiyo wanaandikwa wote wawili, aliyechora na aliyechapa. Nilipolielewa hilo nilikaa nalo sana, kwa sababu hawa ni watu wale wale ambao kwao hata wimbo ni wa wawili, na sisi wachoraji wa huku tumezoea sahihi moja tu kwenye kona ya chini.

Mwingine wa Kinngait ni Annie Pootoogook, mjukuu wa Pitseolak, alishinda tuzo ya Sobey 2006, tuzo kubwa kabisa ya sanaa ya kisasa Kanada, na miaka yake ya mwisho aliishi hapa hapa Ottawa na hapa ndo alifariki 2016. Huyu alichora kwa penseli za rangi watu wako ndani, wanaangalia tivii, jiko, friji, saa ukutani, vitu vya dukani juu ya meza. Wapo waliotegemea kuona dubu wakaona friji. Namtaja kwa sababu amenifundisha kitu kimoja kuhusu katajjaq bila hata kuichora, kwamba maisha ya Kiinuit yako popote walipo Wainuit leo, na wengi wako mjini humu, Ottawa ndo ina Wainuit wengi kuliko mji mwingine wowote wa kusini. Tarehe 4 Novemba 2015 wakati baraza jipya la mawaziri linaapishwa hapa kwenye makazi ya Gavana Mkuu, wasichana wawili wa Kiinuit wa miaka 11 waliimba katajjaq mbele ya waziri mkuu na kamera za dunia nzima, na mwishoni wakaangua kicheko. Ukumbi wa zulia, taa za dhahabu, hakuna barafu hata kipande, na ilikuwa katajjaq halisi kabisa na kicheko chake. Ukiniuliza nichore nini kwenye siku ile nakwambia kile kicheko.

Sasa mtu atasema, mbona Tanya Tagaq anaimba peke yake. Ni kweli. Tanya ametoka Cambridge Bay, Nunavut, na huyu kwenye maongezi ya leo ana nafasi yake kwa sababu kabla ya muziki alisomea sanaa ya kuchora, alikuwa chuo cha sanaa Halifax, mbali na kwao, na mama yake akamtumia kaseti za waimbaji wa koo. Hakuwa na mwenzake wa kusimama naye. Akajifundisha peke yake, pumzi ya kutoka yeye, pumzi ya kuingia yeye, na kutoka hapo akatengeneza njia yake mwenyewe, na 2014 akashinda tuzo ya Polaris, ile ya albamu bora ya Kanada. Lakini msikilizeni vizuri, anaimba wawili ndani ya mtu mmoja, anajijibu. Yule wa pili hakufutwa, amehamia ndani. Na uimbaji huu ni wake, ana haki ya kufanya hivyo, mimi sina.

Hapa nataka nikae kidogo mana ndo panapouma. Mwaka 2019 kulikuwa na mgogoro kwenye tuzo za muziki wa watu wa asili hapa Kanada, wasanii kadhaa wa Kiinuit walijitoa, Tanya akiwa mmoja wao, kwa sababu kazi ya mwimbaji asiye Muinuit iliyotumia uimbaji wa koo ilikuwa imeteuliwa. Na huyo mwimbaji naye alikuwa wa watu wa asili, wa kabila lingine. Sasa kama hata jirani yao wa karibu aliambiwa subiri, mimi niliyetoka pwani ya Afrika Mashariki nitasema nini? Msimamo wangu ni huu na nitausimamia. Siimbi katajjaq. Siifundishi. Sivai amauti kwenye maonyesho. Ninachofanya ni kusikiliza na kuchora nilichosikia, na kwenye kila mchoro ule ubao mdogo wa pembeni unaandika nani waliimba na wametoka kijiji gani, mbele ya jina langu, siyo chini yake. Rekodi nanunua, siibi kwenye intaneti. Na tarehe 21 Juni, Siku ya Kitaifa ya Watu wa Asili, tokeni ndani mkawaone wakiimba ana kwa ana, kwa sababu spika ya simu inakula mngurumo wote wa chini na unabaki na mkwaruzo tu, na mchoro wa mkwaruzo ni mchoro mbovu.

Haya, sasa angalieni huu wa pili kutoka kushoto, sogeeni tu, mkaa nimeshaupulizia dawa hautawachafua. Hapo kuna rangi mbili. Nyeusi ni mkono wangu, ile nyekundu ya udongo ni mkono wa dada mmoja jirani yangu, Mrundi, ambaye naye anachora. Tulikaa uso kwa uso karatasi moja katikati, katajjaq inapigwa, mimi nafuata sauti ya kwanza na yeye ya pili. Pumzi ikitoka mkaa unalazwa ubavu na kukandamizwa, ndo hiyo mipana mizito. Pumzi ikiingia unainua mkono unagusa kwa ncha tu, ndo hizo nyembamba zinazokaribia kupotea. Penye mngurumo tunapitisha kidole pawe na ukungu kidogo, penye ukavu hatupagusi. Na sharti kubwa, hakuna mstari unaozidi pumzi moja, pumzi ikiisha mkono unatoka kwenye karatasi hata kama jicho linataka uendelee, mana jicho linapenda sana kumalizia vitu.

Ona hapa katikati, chini ya kidole changu. Nyeusi inashuka, nyekundu imeingia kwenye uwazi wake, nyeusi tena, nyekundu, zinapishana vizuri kabisa karibu kiganja kizima, alafu hapa anayeongoza akabadilisha sauti, mimi nikadaka, mwenzangu akachelewa, rangi zikapandana zikawa kahawia. Hiyo kahawia hatukuifuta. Na huu mkwaruzo mrefu unaokimbilia nje ya karatasi ndo waimbaji walipocheka, na sisi tukacheka. Mtu mmoja alitaka kuununua huu mchoro akaniomba niukate hiyo sehemu ya mwisho ili ukae vizuri kwenye fremu. Nilikataa. Ukikata kicheko umebaki na nini?

Na ukiutazama kwa mbali, rudini nyuma hatua tatu nne, rangi mbili zinaanza kuwa moja, huoni tena nani aliweka wapi. Mchoro wangu wa kwanza pale kushoto, ule niliochora peke yangu, nimeuweka makusudi mlinganishe. Ni msafi zaidi, una mpangilio, na wengi mtaupenda. Ila mimi nauona umekaa kimya, kwa sababu mkono mmoja unajua tayari unakwenda wapi, hauna cha kudaka.

Maongezi yangeweza kuendelea mpaka usiku ila nimeona watu wanaangalia zile meza. Tutajaribu wote. Mkaa mweusi uko meza ya dirishani, mwekundu uko huku kwa kina mama, karatasi moja kwa watu wawili, na tafadhali asikae mke na mume wake wala rafiki na rafiki yake, kaa na mtu usiyemjua anavyopumua. Nitapiga wimbo wa mtoto wa mbwa wa kutoka Nunavik, majina ya waimbaji nimeyaandika pale ubaoni na mtayanakili nyuma ya karatasi yenu kabla ya kuanza. Mara ya kwanza sikilizeni tu mikono ikiwa mezani. Mara ya pili mwenye mweusi anaanza. Mama, wewe njoo ukae hapa na huyu kijana hana mwenzake.